Mafua ya Mkalimani

Baba yangu alikuwa mkalimani wa mahakama hapa Sumbawanga. Kwa miaka zaidi ya ishirini alisimama kati ya hakimu na watu wa vijijini, akipokea Kifipa cha mlalamikaji na kukitoa kwa Kiswahili, kisha akipokea Kiswahili cha hakimu na kukirudisha kwa Kifipa. Wafugaji wa Kisukuma walipozidi kuhamia bonde la Rukwa, na kesi za ng'ombe walioingia mashambani zikaongezeka, alijifunza na Kisukuma, cha kutosha kumwelewa mtu aliyekasirika. Hakuwa msomi. Shule yake iliishia darasa la nane la zamani. Ila alikuwa na sikio, na aliyaheshimu maneno ya watu. Alisema hakulipwa kuongeza chumvi wala kupunguza.

Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula mahakamani siku moja, nikamsikia kupitia dirishani akisema kwa sauti yake ile ile ya nyumbani, "Niliingia kwa mlango wa nyuma nikachukua redio." Nilirudi nyumbani, mtaa wa Mazwi, nikilia, bakuli mkononi, nikamwambia mama kwamba baba ameiba redio. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nilipoelezwa kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Hiyo ilikuwa amri yake. Alikuwa ameona mahakamani jinsi mtu asiyejua Kiswahili anavyosimama kama mgonjwa, akisubiri wengine wazungumze habari zake, na hakutaka watoto wake wasimame hivyo. Mama yangu alitoka kijijini, upande wa Kasense, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifipa ndani yake. Baba alikuwa akimsahihisha mbele yetu, kwa utani, na mama alikuwa akinyamaza. Kifipa walikizungumza wao wawili tu, chumbani, mlango umefungwa, wakiwa na jambo ambalo hatukupaswa kulisikia. Kwa hiyo sisi watoto tulikua tukijua Kifipa cha salamu, cha kuita kuku na cha kugombezwa.

Haya ninayotaka kuyasimulia yalitokea baba akiwa amestaafu mwaka wa pili. Kaka na dada zangu walikuwa wameshaondoka, mimi nilikuwa nimerudi kukaa kwa wazazi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali mpaka tulipopunguzwa kazi. Nikaanza kuuza mitumba sokoni, nguo za watoto hasa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu, ambako tulikuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni, sasa yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Na maduka ya dawa baridi yalikuwa yameota kila mtaa.

Utotoni mwangu, ukishikwa na mafua ulikwenda zahanati, ukapanga foleni asubuhi nzima, ukaambiwa dawa hakuna, ukarudi nyumbani kunywa chai ya tangawizi. Sasa ulikuwa unaingia dukani, unasema "mafua," na binti aliyesimama nyuma ya kaunta anakuhesabia vidonge vya rangi unayotaka, anavifunga kwenye kikaratasi, anaandika juu yake kwa kalamu: mbili mara tatu. Hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelezo, hakuna jina. Tulizifahamu dawa kwa rangi zake. Taabu yetu ya miaka yote ilikuwa kukosa, na hatukuwahi kufikiri kwamba kupata nako kunaweza kuwa na taabu yake.

Baba alikuwa na presha. Iligunduliwa hospitali mwaka aliostaafu, akapewa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila asubuhi, naye alivimeza, akiwa ameviweka katika kopo la majani ya chai juu ya kabati. Hakuvipenda. Alisema havimwondolei chochote anachokisikia. Ila alivimeza.

Mwezi wa sita Ufipa kuna baridi ambayo watu wa pwani hawaiamini ukiwasimulia. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, unaingia chini ya milango, na asubuhi maji ya kwenye ndoo yanauma mkono. Mafua yalikuwa yanazunguka mji mzima. Sokoni kila mtu alikuwa anazungumza kwa pua. Mimi nilishikwa kwanza, baba akafuata Jumapili, baada ya kanisa.

Wakati wowote mwingine angejifunika blanketi akasubiri. Lakini wiki hiyo mahakama ilikuwa imemwita. Mkalimani aliyechukua nafasi yake alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, na kulikuwa na kesi ya shamba, ya bibi mmoja mjane kutoka kijiji cha karibu na Kasense, ambaye watoto wa shemeji yake walitaka kumwondoa. Bibi hakujua Kiswahili hata kidogo. Karani alikuja nyumbani mwenyewe, akamsalimia baba shikamoo, akasema, "Mzee, tunaomba utusaidie Alhamisi hii tu." Baba alijibu kana kwamba ni jambo dogo, lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta akipiga pasi koti lake la kijivu, pasi ya mkaa, siku tatu kabla.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu alipanda baiskeli akaenda duka la dawa lililo jirani yetu, akarudi na kikaratasi cha vidonge vya njano. Mbili mara tatu. Jumanne jioni pua ilikuwa bado imeziba na sauti imekauka, akawa anajaribu kuongea kwa nguvu chumbani, anakatika, anakohoa. Mimi nilikuwa na vidonge vyangu, vyekundu, nilivyonunua duka jingine karibu na soko. Aliyeniuzia aliniambia, "Hizi ni kali dada, zinakausha kabisa," na kweli zilinikausha. Nikampelekea baba vilivyobaki.

"Na hizi za njano je?" akauliza.

"Endelea nazo, baba. Hizo zako ni za kichwa. Hizi ni za pua."

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilitunga pale pale, nimesimama mlangoni, kwa sababu nilitaka apone na kwa sababu ilisikika vizuri. Alinitazama kwa imani, kama anavyotazamwa mtoto aliyesoma mpaka kidato cha nne, akapokea.

Jumatano mama alileta chupa ya dawa ya kikohozi, imefika nusu, aliyoipata kwa jirani. Baba alikunywa kifuniko kimoja asubuhi na kingine mchana. Siku hiyo ndipo nilipoliona kopo la majani ya chai limesogezwa nyuma ya kabati, nikamuuliza kama amemeza dawa yake ya presha.

"Nimezipumzisha tangu Jumatatu, mpaka Ijumaa," akasema. "Dawa zikiwa nyingi tumboni zinagombana. Siwezi kuchanganya."

Tuliona ni busara. Mama alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikubali. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na chochote ndani yangu kilichoshtuka wakati ule, na sikumbuki chochote.

Alhamisi asubuhi aliamka na kichwa kinamgonga. Pua ilikuwa wazi, sauti imerudi, na kwa hilo alifurahi, lakini alisema moyo unamwenda mbio kama mtu aliyepanda mlima, na alipokuwa anafunga vifungo vya koti niliona vidole vinatetemeka. Mama alimwambia asiende. Alijibu kwamba bibi yule ametoka kijijini kwa miguu. Kabla hatujatoka alimeza viwili vya njano na viwili vyekundu, kwa pamoja, na kifuniko cha dawa ya kikohozi juu yake, kwa kuwa kesi inaweza kwenda mpaka mchana na hakutaka kupiga chafya mbele ya hakimu. Nilimletea maji mimi.

Nilifuatana naye kwa sababu ya ile mikono. Tulitembea polepole. Mahakamani nilikaa kwenye benchi la nyuma, pamoja na watu wa kijijini waliokuja kusikiliza, wamejifunga mashuka. Baba akasimama mahali pake pa zamani, mkono wa kulia umeshika ukingo wa kizimba alimosimama bibi. Alikuwa bibi mwembamba, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipoanza kueleza, baba alimwachia amalize sentensi mbili tatu, kisha akageuka kwa hakimu.

"Mume wangu alinipa shamba hili tulipopata mtoto wa kwanza," akasema baba. "Yeye mwenyewe alichimba mpaka. Watoto hawa walikuwa hawajazaliwa."

Hakimu akaandika. Bibi akaendelea. Baba akageuka tena, akafungua mdomo, na akamweleza hakimu kwa Kifipa.

Watu wakacheka kidogo. Hakimu naye akatabasamu. "Mzee, mimi niambie kwa Kiswahili."

Baba akainamisha kichwa kuomba radhi, akaanza upya, na kikatoka Kifipa tena. Mara hii hata mimi niliona kwamba hajui. Alikuwa anamwangalia hakimu kwa uso wa mtu anayesema sawasawa na kushangaa kwa nini haeleweki. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha kwenye mabenchi pale bibi aliponyoosha mkono, akagusa shavu lake mwenyewe, akasema maneno mawili ya Kifipa ambayo niliyaelewa. Alisema: mdomo wake.

Mdomo wa baba ulikuwa umevutika upande. Mkono wa kulia ukateleza kutoka kwenye ukingo. Nilifika kabla hajaanguka kabisa, sijui niliruka vipi yale mabenchi, tukashuka chini wote wawili, kichwa chake kwenye mapaja yangu na koti la kijivu limejikunja chini yake.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mahakama. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, mwenye mafua yeye mwenyewe. Alimpima presha, akatazama, akapima tena. Kisha akaniuliza amekula nini, amekunywa nini, anatumia dawa gani. Nikasema ana presha. Nikasema ana mafua. Akasema, "Dawa gani za mafua?" Nikasema za njano na nyekundu.

"Zinaitwaje?"

Sikujua.

Alinituma nikazilete, na akaniagiza nipite kwenye maduka niombe na maboksi yake. Binti wa duka la jirani alinipa boksi bila kuuliza, akadhani nataka kununua nyingine. Nilirudi na maboksi mawili, chupa ya mama, na lile kopo la majani ya chai. Mama alikuwa ameshafika, amekaa sakafuni karibu na kitanda. Daktari akavipanga vitu vile juu ya meza, akachukua kalamu, akatuonyesha mstari kwenye boksi la kwanza, akatuonyesha mstari kwenye boksi la pili, kisha akaigeuza chupa na kutuonyesha mstari hapo pia. Palikuwa na neno refu la Kiingereza, na lilikuwa lile lile mara tatu.

"Hii ni dawa moja," akasema. "Wameipaka rangi tofauti tu. Inafungua pua kwa kubana mishipa. Mishipa ya puani ikibanwa, uvimbe unashuka, mtu anapumua. Lakini haichagui ya puani peke yake. Inabana mwili mzima, na presha inapanda. Mtu mzima asiye na tatizo, kidonge kimoja hakimsumbui. Huyu ana presha, amepata dozi ya watu watatu, na siku nne hakumeza dawa yake."

Mama hakuelewa yote. Aliuliza kwa Kiswahili chake kama basi vikitolewa tumboni atapona. Daktari akasema hapana, mama, mshipa umeshapasuka kichwani. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeandika kwenye faili, "Nani alimwambia achanganye?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Alichanganya mwenyewe," akasema.

Daktari akaandika. Nilipomfuata nje baadaye na kumwuliza kama ni zile dawa zilizomfanya hivi, alisema presha ya baba ilikuwa ya siku nyingi na ingeweza kumpata hata bila mafua. "Lakini zilimsukuma," akasema. Nimeyabeba maneno hayo mawili miaka yote. Yangekuwa mepesi zaidi kama angesema ndiyo au hapana.

Wiki tatu baadaye tulimrudisha nyumbani. Upande wa kulia ulikuwa umepooza. Na Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Mwanzoni hakusema chochote, kisha siku moja akiwa anasafishwa alitamka neno la Kifipa la maji, wazi kabisa, na mama akaangusha kitambaa. Baada ya hapo maneno yakaanza kurudi moja moja, na yote yalikuwa ya Kifipa, tena Kifipa cha mtoto wa kijijini: maji, moto, mbuzi, mama. Daktari alieleza kwamba wakati mwingine ugonjwa huu unafuta kilichojifunzwa baadaye na kuacha kilichotangulia. Kisukuma, vijineno vyake vya Kiingereza vya mahakamani, vyote vilikwenda. Ukimsemesha kwa Kiswahili alikutazama kwa adabu, kama mgeni.

Niliwahi kwenda kwa yule binti wa duka la dawa nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipoingia, kabla sijasema lolote, akaniuliza, "Dada, mzee anaendeleaje? Nilisikia anaumwa." Alikuwa na miaka kumi na minane labda, sweta lake limetoboka kiwiko. Nikasema anaendelea vizuri. Nikanunua kiberiti, nikatoka.

Mama ndiye aliyekuwa mkalimani sasa. Wageni walikuja, watu wa kanisani, makarani wa zamani, wakamsalimia baba kwa Kiswahili, na mama akamfikishia, akarudisha alichosema. Yule aliyekuwa akinyamazishwa kwa utani sasa ndiye kila mtu aliyemsubiri azungumze. Sikuwahi kumwona akifurahia jambo hilo. Alitafsiri akiwa ameinama, mikono kwenye kanga, haraka, kama mtu anayetaka kazi iishe.

Mgeni pekee ambaye hakumhitaji mama ni yule bibi wa shamba. Alikuja baada ya mavuno na kikapu cha maharage, akakaa karibu na baba juani, akazungumza naye Kifipa mchana mzima. Shamba alikuwa amelipata. Baba alicheka mara mbili. Mimi nilikuwa nachambua mchele hatua chache kutoka kwao, na sikuelewa walichokuwa wanachekea.

Miezi kadhaa ilipita ndipo nikapata ujasiri. Ilikuwa asubuhi, baba amekaa kwenye kiti chake, mama anamlisha uji. Nilipiga magoti mbele yake nikasema kwa Kiswahili, na nilisema polepole ili mama afikishe vizuri: "Baba, vile vidonge vyekundu nilikupa mimi. Nilikwambia vinafanya kazi tofauti na vya njano. Nilikuwa sijui. Naomba unisamehe."

Mama alirudisha kijiko kwenye bakuli. Kisha akamgeukia baba akasema maneno machache ya Kifipa. Baba akajibu neno moja. Mama akaniambia, "Amesema sawa."

Nililia siku ile kwa nafuu. Nikaenda sokoni nikiwa mwepesi.

Baadaye nilianza kujifunza Kifipa kwa bidii. Nilichoka kuishi na baba yangu kama wateja wa mahakama walivyoishi na hakimu. Nilimfuata mama jikoni, nikamwuliza jina la kila kitu, nikajifunza kusema umelalaje, unasikia baridi, nikugeuze upande gani. Wanawake wenzangu sokoni walinicheka kwa lafudhi yangu, wakanisaidia. Polepole maneno yakaanza kuchambuka masikioni, na siku moja nikiwa nje nikamsikia mama akimwuliza baba swali, na baba akajibu neno moja, na nikatambua kwamba ni maneno yale yale ya asubuhi ile nilipopiga magoti. Nilikuwa nimeyahifadhi kama mtu anavyohifadhi barua asiyoweza kuisoma. Mama alikuwa amemwuliza: nikuongezee uji? Na baba alikuwa amejibu: ongeza.

Nilimwuliza mama jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi. Hakukataa.

"Ningemweleza ya kwako, ningelazimika kumweleza na ya kwangu," akasema. "Chupa niliileta mimi. Na zile za presha, mimi ndiye niliyemwambia azipumzishe. Si yeye. Aliyasema mbele yako kama ya kwake, ndivyo alivyokuwa."

Alipukuchua gunzi zima bila kuinua macho.

"Sasa lugha unayo," akasema tena. "Ukitaka, mwambie mwenyewe. Ya kwangu niachie."

Ilinichukua wiki mbili. Nilitafuta maneno, nikayapanga, nikayarudia nikiwa njiani kwenda sokoni. Siku moja saa nne asubuhi, mama akiwa amekwenda kisimani, nilikuwa ninamnyoa baba ndevu nje, nimekaa mbele yake, povu limejaa shavuni mwake, nikamwambia kwa Kifipa: vidonge vyekundu, mimi nilikupa, mimi nilikosa.

Alinyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, nikaondoa wembe. Alinitazama machoni muda mrefu. Kisha akalitamka lile neno la mwisho, nilikosa, jinsi linavyotamkwa. Nilikuwa nimekosea kitenzi. Akasubiri. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akalitamka tena polepole, kama alivyokuwa akitufundisha kusoma tulipokuwa wadogo, na kidole chake kikapiga goti langu kwenye silabi niliyokuwa naiharibu. Nikarudia tena, nikapatia. Nilikiri kosa langu mara tatu asubuhi ile, mpaka likawa Kifipa safi. Baada ya hapo akarudisha mkono wake, akainua kidevu nimalizie kunyoa.

Kama alielewa nilichokuwa nakisema au alisikia kitenzi kibovu tu, sijui. Nilitaka kumwuliza, na maneno ya kuulizia jambo kama hilo nilikuwa bado sijayajua.

Aliishi misimu mingine miwili ya mvua. Mwezi wa sita wa mwisho alishikwa tena na mafua, nasi hatukuthubutu kumpa chochote, hata chai ya tangawizi tuliijadili. Siku ya pili yalishuka kifuani. Tulimkodia gari tukampeleka hospitali, na muuguzi aliponiuliza ametumia dawa gani nikasema hakuna, hakuna kabisa, hata moja, nikalirudia mpaka akanishika bega.

Alikaa pale siku tano. Mama alimlisha, mimi nikamgeuza, tukapokezana. Siku ya tano asubuhi alikula vijiko vitatu vya uji akafunga mdomo. Mama akachukua bakuli akaenda kulisafisha kwenye bomba la nje. Nilikuwa nimemshika baba mkono wa kushoto, na pumzi ikapungua, ikakaa, ikaja moja nyingine ndogo, kisha haikuja tena. Nilimwita kwa Kifipa. Muuguzi akaja, akamgusa shingoni, akamfunika.

Nilitoka nje kumwambia mama. Kulikuwa na jua lisilo na joto, na wanawake wengine wamepanga ndoo zao. Mama alikuwa ameinama bombani. Aliponiona nimesimama bila kusema, alielewa, nikaona alivyoelewa. Akamwaga maji yaliyokuwa kwenye bakuli, akalikinga tena, akalisuuza, akamwaga, akalikinga tena. Wale wanawake wakasogeza ndoo zao pembeni wakamwachia bomba.